Siku Dada Alipokataa Wembe

Dodoma, Area C
12 Januari 2025

Dada Evarista,

Shikamoo. Habari za Gulwe, na mguu wa Baba unaendeleaje? Mwambie zile dawa za kuchua alizoniagiza nimezipata, nitazituma. Huku ni wazima wote. Mvua imenyesha siku nne na bati letu limeanza tena kuvuja juu ya kitanda changu, si mahali pengine popote.

Naandika kwa sababu Baba aliamuru tuandikiane. Alisema wasioweza kuongea kwenye simu bila kukatiana, washike kalamu. Mimi ndiye niliyekukatia, najua, na sijafika mahali pa kukuomba radhi. Barua hii anaileta Ernest anayekagua tiketi kwenye treni.

Sasa sikiliza. Nywele zangu zinaisha. Zilianza miezi mitatu iliyopita kwenye njia, pale katikati ninapozigawa. Njia ikapanuka mpaka siku moja pale kazini mhudumu aliyesimama nyuma ya kiti changu akaniuliza kwa huruma kabisa kama niliwahi kuungua utotoni. Nilienda chooni nikajitazama kwa vioo viwili, nikaona ngozi.

Nimepata daktari wa ngozi na nywele, anaitwa Daktari Rozmin. Yuko Dar es Salaam na anatibu kwa simu ya video. Nilijifungia masjala, katikati ya mafaili, nikapiga magoti na kuelekeza utosi kwenye simu niliyoiegemeza kwenye faili la likizo za watumishi. Akawa anasema, "Sogea kushoto, mama. Inama kidogo. Hapo hapo." Kama kuna mtu angefungua mlango angedhani naabudu simu. Amenipima kwa macho, akanituma nikatolewe damu, majibu yakarudi safi. Anasema huu ni upungufu wa nywele wa kurithi, unawapata hata wanawake, na unaweza kutoka upande wa mama au wa baba. Amenianzishia dawa ya kupaka.

Halafu akaniuliza, je, mama yako? Nikamwambia mama yetu alizikwa na nywele zake zote. Dada yako je? Nikamwambia dada yangu ana misuko miwili inayoning'inia chini ya kilemba hadi mabegani. Akasema angependa kuona picha ya kichwa chako bila kilemba, alinganishe.

Basi nitumie. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, nimalizie: nakuonea wivu. Nimekuonea tangu tukiwa watoto na sasa umelisoma kwa mwandiko wangu.

Mdogo wako,
Yasinta


Gulwe
9 Februari 2025

Mdogo wangu Yasinta,

Marahaba. Barua yako imenikuta imechelewa, maana maji yalibeba tuta la reli huku chini na treni zikakaa siku tisa. Baba hajambo. Mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau, anakwenda stesheni kuwafundisha vijana kazi aliyostaafu. Shule nimepewa darasa la tatu, watoto themanini na mmoja, madawati ishirini. Mahindi yameota vizuri, tukiombea mvua isikatike.

Pole kwa nywele. Nimefurahi umepata daktari.

Picha sina. Kamera ya simu yangu imepasuka kioo, na hapa hakuna mpiga picha wa maana. Mwambie daktari wako atibu kichwa alichonacho.

Kuna mwalimu mwenzangu ana shida kama yako. Anauliza: huyo daktari ukimpigia ni lazima utaje jina lako lote? Anacheka? Na mtu ambaye tatizo lake ni la miaka mingi, yeye anamwambiaje? Nijibu hayo kwa ajili ya mwenzangu.

Dada yako,
Evarista


Dodoma
2 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini Baba na mahindi ni wazima. Hapa kwetu fundi wa bati alikuja, akapanda, akashuka, akasema tatizo ni mvua.

Kamera imepasuka! Wewe kweli umekosa uongo mwingine? Gulwe nzima kila mtu ana simu, hata anayeuza karanga stesheni anapiga picha. Sema hutaki. Sema kichwa chako ni cha thamani sana kupigwa picha kwa ajili ya Yasinta.

Unazikumbuka Jumamosi? Mimi nazikumbuka moja moja. Mama anakaa kwenye kigoda, wewe katikati ya magoti yake, chupa ya mafuta ya karanga pembeni, na kile kitana chake cha mti. Saa nzima. Mimi nikipewa zamu, ananipitishia mkono mara mbili na kusema, "Wewe zako hazina kazi nyingi, nenda ukachote maji." Mpaka mmezeeka, umeolewa, umefiwa na mume ukarudi nyumbani, bado kila nikija likizo nawakuta Jumamosi mmejifungia chumbani kwake, wewe na yeye, mlango umefungwa na mimi niko nje nachambua mchele. Hakuna aliyeniita.

Halafu akafa, na tukakaa matanga, na siku ya kumaliza Shangazi Dorothea akatupanga mstari uani atunyoe kama ukoo wetu unavyofanya. Nikanyolewa mimi. Wakanyolewa wajomba. Ilipofika zamu yako, wewe, mtoto wa kwanza, mtoto wa Jumamosi, ukashika kilemba kwa mikono miwili ukasema mbele ya watu, "Sinyoi." Ukaingia ndani. Mama yako mzazi hakustahili misuko miwili?

Ndiyo maana nilikukatia simu. Na nikuambie kabla hujasikia kwa wengine: tarehe kumi na sita Agosti tunasimika msalaba kaburini, na Shangazi ametamka kwamba aliyekataa wembe hatagusa msalaba wala kusimama na watoto wa marehemu. Mimi sikusema kitu. Ni uamuzi wake.

Namba ya daktari nimeiandika nyuma ya karatasi hii, mpe huyo mwalimu mwenzako. Anacheka, ndiyo, lakini hakucheki wewe. Na kile kitana cha mama ukinitumia nitashukuru. Wewe umeshakitumia vya kutosha.

Yasinta


Gulwe
30 Machi 2025

Yasinta,

Natumaini hujambo. Baba anakusalimu, dawa ya kuchua imemfaa.

Kitana hiki hapa, nimekifunga kwenye kanga ya mama ili kisivunjike njiani. Kanga pia ni yako.

Usikate tamaa na dawa. Wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi, zile dhaifu zinapisha mpya. Watu wengi huacha hapo kwa hofu. Paka asubuhi na jioni, kwenye ngozi, si kwenye nywele.

Siku ya msalaba nitasimama barabarani, kwenye ule mkwaju wa kona. Kutokea pale kaburi linaonekana.

Evarista


Dodoma
27 Aprili 2025

Dada Evarista,

Shikamoo. Habari za Pasaka? Sisi tulikula wali wa Bahi na kuku, nikasali, nikaimba, na nikiwa naimba nikajishika utosi kama ninavyofanya siku hizi kila dakika tano. Nikasikia vijinywele. Vifupi, laini kama vya mtoto mchanga. Nilinyamaza katikati ya wimbo. Yule mama aliyeketi jirani akadhani nimeguswa na neno.

Ningependa kuishia kwenye furaha hiyo. Siwezi.

Kwanza, kitana. Nimekikagua jino kwa jino dirishani. Hakina hata unywele mmoja. Kitana ambacho mtu anakitumia kila wiki kinabaki na kitu, mafuta, vumbi, chochote. Hiki kimekaa siku nyingi bila kazi. Kwa hiyo una kingine kizuri zaidi, na mimi umenipa ulichokichoka.

Pili, na hili ndilo limeninyima raha: nani alikuambia kwamba wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi? Mimi sikukuandikia. Na "kwenye ngozi, si kwenye nywele"? Hayo ni maneno ya Daktari Rozmin, hivyo hivyo alivyoniambia mimi. Nilimpigia. Nikamuuliza kama dada yangu amempigia. Akasema wagonjwa wake ni siri, kila mmoja na yake. Lakini kabla hajasema hivyo alikaa kimya kidogo, na mimi si mjinga.

Dada, unatafuta nini kwa daktari wangu? Ulikuwa na mama. Una nywele za mama. Una nyumba ya mama unayoishi. Mimi nimepata kitu kimoja tu maishani kilichokuwa changu kabla yako, mtu mmoja anayekitazama kichwa changu na kuniambia kuna tumaini, na huyo pia umemfuata. Unataka zako zifike kiunoni?

Nijibu hili au usiniandikie tena.

Yasinta


Gulwe
18 Mei 2025

Yasinta mdogo wangu,

Hujambo? Baba hajambo. Mahindi tumevuna gunia sita. Salamu zimeisha, sasa nakujibu.

Ni kweli nilimpigia daktari. Hakuna mwalimu mwenye shida. Mwalimu mwenye simu ni Tumsifu, tunafundisha naye, na ndiye aliyenifungia ndani ya stoo ya shule, nikaketi juu ya magunia ya mahindi ya uji wa watoto, nikavua kilemba mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Tumsifu alipiga picha nne. Kisha akanirudishia kilemba mkononi, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Sina nywele, Yasinta. Kuanzia paji la uso hadi katikati ya kichwa ni ngozi tupu kama ya Baba. Ninazo pembeni na kisogoni tu. Ile misuko miwili unayoionea wivu ndiyo zote nilizonazo, zimekusanywa na kusukwa chini chini ili zitokeze kwenye kilemba. Ni miaka tisa sasa. Zilianza kwenye njia, kama zako. Mimi sikumpigia mtu.

Mama alijua. Mama peke yake. Zile Jumamosi za utotoni ulizoziona ni za kweli, alinipenda na nywele zangu na wewe alikupunja, sitakudanganya. Lakini hizi za ukubwani, za mlango uliofungwa, hazikuwa za kunipendelea. Alikuwa ananificha. Ananisuka zile za pembeni, anazivuta zifike chini, ananifunga kilemba kwa namna yake isiyofunguka hata upepo ukija. Halafu ananipapasa pale penye ngozi, anasema, "Tayari, nenda kanisani." Alikufa Jumanne. Jumamosi iliyofuata nilijisuka mwenyewe kwa mara ya kwanza, na mlikuwa uani mnapika chakula cha matanga. Kitana sikukihitaji. Kwa nywele za kiasi hiki vidole vinatosha. Sikukupa nilichokichoka, nilikupa kitu pekee cha mama nilichokuwa nacho.

Sasa fikiria ule mstari. Shangazi Dorothea na wembe, beseni la maji, ukoo mzima, majirani juu ya mikeka, wanafunzi wangu wanachungulia uani. Ningevua kilemba hapo? Nilitaka kunyolewa kuliko mtu yeyote pale. Wewe uliinamisha kichwa, nywele zikawa zinaanguka na wewe unalia kwa sauti, kichwa wazi, huna la kuficha, na hakuna siku nimekuonea wivu kama siku ile. Mimi mama yangu nilimlilia nimeshika kilemba.

Daktari Rozmin hakunificha. Anasema penye ngozi tupu muda mrefu pengine zisirudi. Dawa inaweza kunilindia zilizobaki. Nimeanza kupaka.

Wewe ulichelewa miezi mitatu, mimi miaka tisa, halafu unaniuliza natafuta nini kwa daktari wako.

Usimwambie mtu. Baba asijue, Shangazi asijue. Afadhali waniite mwenye majivuno. Hilo nimelizoea, naweza kutembea nalo sokoni. Mkwaju wa kona unanitosha.

Evarista


Dodoma
15 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nimeanza kukujibu mara tano na mara zote nilikuwa najitetea. Sasa nakuandikia bila kujitetea.

Nilikuandikia kwamba mimi sikusema kitu, kwamba ni uamuzi wa Shangazi. Nilidanganya. Mimi ndiye niliyemwendea Shangazi Dorothea, siku ya tatu baada ya matanga. Nilimwambia, "Evarista anapenda nywele zake kuliko alivyompenda mama." Hayo maneno unayoyasikia Gulwe nzima yalitoka kinywani mwangu, na nilipoyasema nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri kwa miaka miwili na nusu. Nilipofika kwenye habari ya wewe kujisuka peke yako Jumamosi ile, nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Niliposema nakuonea wivu nilidhani nimesema baya kuliko yote. Kumbe baya lilikuwa bado limo ndani.

Sitamwambia mtu. Lakini hutasimama barabarani.

Nimempigia Shangazi. Nimemwambia dada anaomba anyolewe kabla ya msalaba, amejutia, ila ana aibu ya kupangwa tena mbele ya watu, basi nitamnyoa mimi ndugu yake, ndani, chumbani kwa mama, mlango umefungwa. Alinung'unika. Akauliza atajuaje kama kweli amenyolewa? Nikamwambia atamwona kichwa, na beseni la nywele nitamkabidhi yeye mwenyewe mkononi azizike nyuma ya nyumba kama desturi. Akasema, "Nazitaka zote. Nazijua nywele za Evarista, nitaona kama amebakiza."

Najua unawaza nini. Misuko yako miwili haitajaza hata kiganja, na Shangazi atashangaa.

Zangu zimejaa, Dada. Miezi mitano nimepaka asubuhi na jioni. Pale kazini wameanza kuniuliza natumia mafuta gani. Nimemuuliza daktari kama wembe utaharibu matibabu, akasema wembe haufiki kwenye mzizi, zitaota tena. Akaniuliza kwa nini nataka kufanya hivyo sasa hivi, wakati ndiyo zinapendeza. Nikamwambia ni mambo ya msiba.

Nitakuja Ijumaa ya tarehe kumi na tano kwa treni, na kilemba nimeshanunua. Zangu zitatutosha.

Yasinta


Gulwe
6 Julai 2025

Yasinta,

Hujambo mdogo wangu. Baba anauliza kwa nini siku hizi barua zako nazisomea chooni.

Ulichofanya kwa Shangazi kimeniuma. Nimekasirika siku mbili, hata watoto wa darasa la tatu wameona. Sijamaliza, ila nitamalizia ukifika, ana kwa ana.

Hilo la nywele zako nakukataza. Umezililia, umezipigia magoti masjala, usizitoe kwa ajili yangu. Mimi nitauambia nini moyo wangu?

Kama hutanisikia, njoo na wembe mpya. Wa hapa dukani una kutu.

Evarista


Dodoma
24 Agosti 2025

Dada Evarista,

Shikamoo. Nimefika salama, Ernest alinitafutia kiti dirishani. Nimemwona Baba kwenye picha aliyopiga Tumsifu, ameshika msalaba upande mmoja na wewe upande wa pili, na vichwa vyenu vinang'aa sawasawa. Ni mtu na baba yake kabisa. Nimeiweka masjala, juu ya faili la likizo.

Umeniandikia kwenye kile kikaratasi ulichonipa stesheni kwamba Jumatatu ulikwenda shule kichwa wazi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na watoto themanini na mmoja wakakupa pole ya msiba. Na kwamba Tumsifu amekushauri uendelee kunyoa kila wiki, atasema ni staili. Endelea. Umependeza. Una kichwa kizuri, mtu asingejua.

Mimi niko chini ya kilemba. Nimejifunga ile namna ya mama uliyonionyesha, kwenye treni upepo ulinisukuma na hakikufunguka. Kazini wananiuliza zile nywele ziko wapi, nasema nimezipumzisha.

Kuna kitu sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa bado ndani unajifuta maji. Nilipotoka na beseni, Shangazi Dorothea alilipokea, akaketi nalo chini. Akatia mkono. Akapita juu ya misuko yako miwili kama haioni, akachota katikati, zile zangu za utosini, zile mpya, fupi, laini, za dawa. Akazisugua kwa vidole. Machozi yakamtoka. Akasema mbele ya mashangazi wote, "Haya, shikeni. Hizi ndizo nywele za Evarista. Ni za mama yake tupu. Nilijua." Halafu akanitazama mimi na kilemba changu, akanihurumia, akasema, "Wewe mwanangu hukujaliwa, ila una moyo."

Dada, nilisimama pale mikono mitupu na nilitaka kupiga kelele. Maisha yangu yote nimengoja mtu aseme nina nywele za mama. Amesema, na amekupa wewe.

Nilikuonea wivu kwa nywele zangu mwenyewe. Nikaenda kumsaidia kuchimba shimo.

Leo ni Jumapili, nimepaka dawa kwenye ngozi tupu, nikakitazama kitana. Zikifika mahali pa kuchanika nitakuja Gulwe, Jumamosi. Kigoda cha mama bado kipo? Safari hii mimi ndiye nitakayekaa katikati ya magoti, na wewe hutanituma maji.

Mdogo wako,
Yasinta